Knicks walimtimua kocha aliyewafikisha mbali: namna ya kuzisoma tetesi za makocha wa NBA

Usiku wa kuamkia Mei 22, 2025 sikulala. Mchezo wa kwanza wa fainali ya Ukanda wa Mashariki ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kati ya New York Knicks na Indiana Pacers ulianza saa tisa usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na zikiwa zimesalia chini ya dakika tatu Knicks walikuwa mbele kwa pointi 14, tena nyumbani kwao Madison Square Garden. Nilishaanza kuandika ujumbe wa pongezi kwa ndugu yangu aliyeko Nairobi, shabiki mwenzangu. Mara Aaron Nesmith wa Pacers akaanza kutupia pointi tatu, moja baada ya nyingine. Tyrese Haliburton akarusha mpira wa mwisho, ukagonga chuma, ukaruka juu kabisa, ukashuka ukatumbukia kikapuni, timu zikawa sare. Pacers wakashinda 138-135 katika muda wa nyongeza. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshapita nami bado nimekodolea macho simu.

Siku 12 baadaye, Juni 3, Tom Thibodeau akafutwa kazi. Ndiye kocha aliyeifikisha Knicks fainali ya ukanda kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000.

Kwa mwezi mzima uliofuata majina ya makocha yalimiminika kama mvua ya masika: leo huyu, kesho yule, keshokutwa yule wa kwanza tena. Walioamini kila jina walichoka, na waliodharau kila jina walipitwa na mambo ya kweli. Tetesi hizo zina mpangilio wake. Karibu kila jina linalotajwa lina mtu anayefaidika likitajwa, na ukimjua mtu huyo utajua uzito wa habari yenyewe. Lakini kwanza lazima tulitatue fumbo la mwanzo: kwa nini umfukuze kocha anayeshinda?

Thibodeau alipoajiriwa mwaka 2020, Knicks walikuwa wamekosa mtoano misimu saba mfululizo. Katika misimu mitano alishinda michezo 226 ya msimu wa kawaida na kupoteza 174, akaingia mtoano mara nne, akachaguliwa Kocha Bora wa Mwaka 2021, na misimu miwili ya mwisho alipata ushindi 50 kisha 51. Julai 2024 klabu ilimwongezea mkataba wa miaka mitatu. Rais wa klabu, Leon Rose, alimjua tangu zamani: kabla ya kuingia Knicks, Rose alikuwa wakala katika kampuni ya CAA, na Thibodeau alikuwa mteja wa kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo hapakuwa na ugeni wala uhasama kati yao.

Lawama ya kwanza ilikuwa dakika. Thibodeau ana desturi ya kuwachezesha wachezaji wake watano wa kwanza hadi wakauke. Msimu wa 2024/25 Mikal Bridges alicheza dakika nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi, na Josh Hart aliongoza ligi kwa wastani wa dakika kwa kila mchezo. Upande wa pili, wachezaji wa akiba wa Knicks walifunga pointi chache kuliko wa timu nyingine yoyote. Machi 2025 Bridges alisema mbele ya waandishi kwamba aliwahi kuzungumza na kocha juu ya kupunguza mzigo huo, na Thibodeau akajibu kwamba mazungumzo hayo hayakuwahi kufanyika. Mchezaji na kocha kupishana hadharani namna hiyo si jambo dogo. Wengi walilicheka likapita, ila nadhani ndipo nyufa zilipoanza kuonekana kwa walio nje.

Lawama ya pili ilikuwa kuchelewa kubadilika. Katika msimu wa kawaida Knicks walicheza mara 10 na timu tatu zilizokuwa bora zaidi, yaani Boston, Cleveland na Oklahoma City, wakapoteza zote 10. Ni kweli waliitoa Boston kwenye mtoano kwa michezo 4-2, ushindi ambao sitausahau. Lakini dhidi ya Indiana, Thibodeau alisubiri mpaka mchezo wa tatu, akiwa nyuma 2-0, ndipo akamwanzisha Mitchell Robinson mahali pa Hart na kuwapa nafasi akina Landry Shamet na Delon Wright. Wakashinda mchezo huo. Mabadiliko yaliyokuwa yakiombwa tangu vuli yalifika mwisho wa Mei.

Hata hivyo makosa hayo peke yake yasingetosha kumwondoa. Sababu nzito zaidi imo kwenye kanuni za mishahara, na hapo ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

NBA ina ukomo wa mishahara ya wachezaji, na juu ya ukomo huo kuna mistari kadhaa. Mkali kuliko yote ni ule unaoitwa aproni ya pili, ambao kwa msimu wa 2025/26 ulikuwa karibu dola milioni 208. Timu ikiuvuka, hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumchukua mmoja mkubwa, hairuhusiwi kutoa fedha taslimu katika mabadilishano, inakosa njia za kawaida za kusajili mchezaji wa kati, na nafasi yake ya baadaye ya kuchagua chipukizi inaweza kugandishwa. Knicks walikuwa wakiishi chini kidogo tu ya mstari huo. Isitoshe, walikuwa wameshamaliza akiba yao: mwaka 2024 walitoa nafasi tano za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza kumpata Bridges, kisha wakamtoa Julius Randle na Donte DiVincenzo kumpata Karl-Anthony Towns. Hawakuwa na kitu cha maana kilichobaki mkononi cha kubadilishana.

Mshahara wa kocha, kwa upande mwingine, hauhesabiwi kabisa kwenye ukomo huo. Mmiliki tajiri anaweza kumlipa kocha mmoja akae nyumbani na mwingine afanye kazi, na wachezaji wake wasiguswe hata senti. Detroit walimpa Monty Williams mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78.5 mwaka 2023, wakashinda michezo 14 tu na kupoteza 68, wakamwondoa baada ya msimu mmoja huku wakiendelea kumlipa. Chini ya J.B. Bickerstaff msimu uliofuata walishinda 44. Ukiyaweka hayo mezani, utaona kwamba kocha ndiye alikuwa karibu sehemu pekee ya Knicks iliyoweza kubadilishwa mwaka 2025 kwa fedha tupu. Thibodeau alikuwa na mkataba uliotajwa kubakiwa na karibu dola milioni 30. Kwa James Dolan, mmiliki wa Knicks, hizo ni fedha za kulipika.

Wanaotetea uamuzi huo walikimbilia mfano wa Toronto, na ni mfano unaotuhusu kidogo, kwa sababu aliyeufanya ni Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya. Mei 2018 Ujiri alimfukuza Dwane Casey baada ya msimu wa ushindi 59. Mwezi uliofuata Casey akatangazwa Kocha Bora wa Mwaka, na Ujiri akachekwa. Mwaka mmoja baadaye Toronto, chini ya Nick Nurse aliyekuwa msaidizi wa Casey, wakawa mabingwa. Kuna pia Golden State, waliomwondoa Mark Jackson mwaka 2014 baada ya ushindi 51, wakamchukua Steve Kerr, wakatwaa ubingwa 2015. (Kerr huyo alikuwa mlangoni kabisa pa Knicks kiangazi kile kabla hajageuza njia kwenda California. Shabiki wa Knicks hasahau.)

Mimi mfano wa Toronto naukubali nusu. Kati ya Casey kuondoka na ubingwa kuja, Ujiri alimleta mchezaji nyota Kawhi Leonard. Nurse ni kocha hodari, lakini ukimtoa Leonard katika hadithi ile, hadithi inaanguka. Knicks hawakuwa na Leonard wa kumleta. Na kuna mfano wa tatu ambao watetezi hawakupenda kuutaja wakati ule: Cleveland walimfukuza kocha wao mwaka 2010 baada ya misimu miwili ya ushindi 66 na 61. LeBron James akaondoka kiangazi hichohicho, na msimu uliofuata wakashinda michezo 19 tu. Jina la kocha aliyefukuzwa tutalikuta mbele.

Sasa tuingie kwenye tetesi zenyewe. Thibodeau alipoondolewa, dhana iliyoenea kwa mashabiki, nami nikiwemo, ilikuwa kwamba lazima Rose ana mtu mfukoni. Nani abomoe nyumba kabla hajapata pa kulala? Dhana hiyo ndiyo iliyotengeneza soko. Klabu ilinyamaza, na kila mwenye maslahi akapata nafasi ya kulijaza pengo.

Kilichofuata kilionekana cha ajabu. Habari zikatoka kwamba Knicks wameomba ruhusa ya kuzungumza na Jason Kidd wa Dallas, na Dallas wamekataa. Wakaomba kwa Houston kuhusu Ime Udoka, wakakataliwa. Kwa Minnesota kuhusu Chris Finch, wakakataliwa. Atlanta kuhusu Quin Snyder, hapana. Chicago kuhusu Billy Donovan, hapana pia. Makocha watano wenye kazi zao, majibu matano ya aina moja. Mitandaoni Knicks wakawa kichekesho, kama bwana harusi anayepeleka posa kwa wake za watu.

Kuomba ruhusa, hata hivyo, ni utaratibu wa kawaida wa ligi. Kocha mwenye mkataba ni wa timu yake, na timu nyingine haiwezi kuzungumza naye bila idhini, la sivyo inashtakiwa kwa kumrubuni mtumishi wa mwenzake. Knicks wanalijua hilo kuliko wengi, kwa sababu waliwahi kuwa upande wa pili. Mwaka 1995 kocha wao Pat Riley aliwaaga kwa faksi akiwa na mwaka mmoja wa mkataba, akaenda Miami. Knicks walilalamika, na Miami ikaishia kutoa dola milioni moja na nafasi ya raundi ya kwanza. Wakati mwingine ruhusa hutolewa kwa bei. Mwaka 2013 Boston waliiruhusu Clippers imchukue Doc Rivers kwa nafasi moja ya raundi ya kwanza. Mwaka 2014 Kidd mwenyewe alihama Brooklyn kwenda Milwaukee kwa nafasi mbili za raundi ya pili. Kwa hiyo mlango upo, na kuugonga hakugharimu chochote isipokuwa aibu ya siku mbili. Kwetu tumeona makocha wakiondoka katikati ya msimu kwa urahisi zaidi. Mashabiki wa Yanga wanamkumbuka Sead Ramovic, aliyeondoka Februari 2025 akaibukia CR Belouizdad ya Algeria.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: nani aliyewaambia waandishi kwamba Knicks wameomba? Ombi la ruhusa hupita kati ya ofisi mbili. Waandishi hawakuwa chumbani. Timu inayokataa ina sababu ya kulisema, maana inaonekana imemng'ang'ania kocha wake. Wakala wa kocha ana sababu kubwa zaidi, maana mteja wake sasa anajulikana kutakiwa New York, na bei yake imepanda. Sina haja ya kujua nani alizungumza katika kila kisa ili kuyaona matokeo. Juni hiyohiyo Udoka akasaini mkataba mpya wa muda mrefu na Houston. Julai Chicago wakamwongezea Donovan. Oktoba Dallas wakamwongezea Kidd. Pengine baadhi ya mikataba hiyo ingekuja hata bila Knicks, lakini sidhani kuna wakala aliyesikitika kuona jina la mteja wake likihusishwa na Madison Square Garden wiki chache kabla ya kukaa mezani.

Kisa kilichonifundisha kusoma hivi ni cha Lakers mwaka 2024. Walipomwondoa kocha Darvin Ham, kwa majuma mengi jina lililovuma lilikuwa JJ Redick, mchezaji wa zamani aliyekuwa mtangazaji na ambaye hakuwa amewahi kufundisha timu ya kulipwa. Ghafla, Juni 6, mwandishi mkubwa kuliko wote wa habari za NBA wakati huo, Adrian Wojnarowski, akaripoti kwamba mlengwa wao hasa ni Dan Hurley wa chuo kikuu cha Connecticut, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo. Habari ilikuwa ya kweli: Hurley alikwenda Los Angeles, akaonyeshwa ofa ya miaka sita ya dola milioni 70. Juni 10 akakataa. Siku chache baadaye Redick akapewa kazi ileile, na mwezi uliofuata Connecticut ikampa Hurley mkataba mpya wa miaka sita wa dola milioni 50. Hakuna aliyedanganya popote. Ila msomaji aliyedhani "mlengwa" maana yake ni "kocha ajaye" alipotea njia, na aliyejiuliza nani anapata nini hakushangaa.

Nimejifunza kutazama maneno ya mwandishi kwa makini. "Anatarajiwa kuzingatiwa" ni maneno mepesi sana. Mara nyingi yanatoka kwa wakala au ni fikra za mwandishi mwenyewe. "Klabu imeomba ruhusa" ni tendo lililotokea, lakini linakuambia klabu inatamani nini, halikuambii itapata nini. "Amefanyiwa usaili" ni zito zaidi, kwa sababu mtu amekaa kwenye kiti. "Amefanyiwa usaili wa pili" ndipo ninapoamka. Na klabu ikiwa kimya kabisa kuhusu jina fulani, ukimya huo nao nauwekea alama.

Juni ilipokuwa ikiisha, orodha ya walioketi kwenye kiti cha usaili ilikuwa fupi na haikufanana na majina makubwa ya mwanzo. Alikuwemo Taylor Jenkins, aliyefukuzwa na Memphis Machi 2025 ikiwa imebaki michezo tisa tu ya msimu wa kawaida. Walikuwemo makocha wasaidizi James Borrego na Micah Nori. Na alikuwemo Mike Brown.

Brown aliondolewa Sacramento Desemba 2024, miezi michache baada ya kuongezewa mkataba, na chini ya miaka miwili tangu atajwe Kocha Bora wa Mwaka kwa kuirudisha timu hiyo kwenye mtoano baada ya misimu 16 ya ukame. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Kerr kule Golden State. Mwaka 2017, Kerr alipozidiwa na maumivu ya mgongo, Brown alishika usukani kwenye mtoano na kushinda michezo yote 11 aliyoongoza. Na kabla ya yote hayo, ndiye aliyekuwa Cleveland mwaka 2010, aliyefukuzwa baada ya ushindi 61. Knicks wakamtangaza rasmi Julai 7. Mtu aliyeletwa kurithi kazi ya kocha aliyetimuliwa akishinda, mwenyewe alikuwa ameshatimuliwa akishinda.

Kwa nini yeye? Klabu haikutoa maelezo marefu siku ile. Januari 2026 Dolan alizungumza redioni na kueleza kwamba walitaka kocha anayeshirikiana zaidi na wenzake kuliko Thibodeau. Neno hilo, kushirikiana, linafungua fumbo la dakika, la benchi na la Bridges kwa pamoja. Brown amekulia kwenye mabenchi ya Gregg Popovich, kocha wa miaka mingi wa San Antonio, na Kerr, ambako wasaidizi hupewa sauti na mchezaji wa tisa hupewa dakika. Ukilijua hilo, hata maombi yale matano yaliyochekwa yanaanza kueleweka. Knicks walijua aina ya mtu wanayemtaka kabla hawajamjua mtu mwenyewe, nami bado naamini walikosea kuufunga mlango wa zamani kabla hawajaufungua mpya. Mwezi ule wangeweza kabisa kuishia mikono mitupu.

Kuna jina moja katika usaili ule ambalo wengi walilipita haraka, nami nilipita pamoja nao. Ni Dawn Staley, kocha wa wanawake wa chuo kikuu cha South Carolina, bingwa wa vyuo 2017, 2022 na 2024. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa kocha mkuu wa kudumu katika NBA. Agosti alieleza mwenyewe kwamba usaili ulikuwa wa kweli, na kwamba angepewa kazi angelazimika kuikubali kwa ajili ya wanawake wote. Alisema pia kwamba aliwauliza viongozi wa Knicks swali gumu: wakimwajiri mwanamke wa kwanza, kazi yao wenyewe ya kila siku itabadilikaje, na je, wamejiandaa kwa maswali watakayoulizwa timu ikianza kupoteza? Anadhani kwa kuuliza hivyo huenda alijinyima kazi.

Wakati tukibishana juu ya makocha watano ambao hawakuwahi hata kupokea simu, mazungumzo hayo yalikuwa yakifanyika faraghani, na hakuna wakala aliyekuwa na haraka ya kutuambia.